RAMADHANI YA 20: Ugomvi Ulioondoa Elimu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana wa Rungwe Mpya, Kasulu, Kibondo na popote mnapousoma ujumbe huu, poleni na saumu. Leo ni siku ya ishirini, na jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Ujumbe wa leo ni mrefu kidogo. Usipoumaliza kabla ya futari, umalizie baada ya tarawehe, ila usiuache njiani.

*Tuanze na hadithi*

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ubada bin Samit (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alitoka siku moja ili awaambie Masahaba Laylatul Qadr ni usiku gani. Akakuta Waislamu wawili wanagombana. Akawaeleza kwamba alitoka kuja kuwapa habari za usiku huo, lakini fulani na fulani wamegombana na elimu ile imeondolewa. Akasema huenda hilo likawa kheri kwao, basi wautafute katika zile siku za tisa, za saba na za tano.

Wengi wetu tunaisoma hadithi hii kwa ajili ya hesabu zilizo mwishoni, tujue ni usiku gani wa kukesha. Leo tuangalie katikati yake. Watu wawili waligombana, na kilichoondoka hakikuwa mvua wala mali. Kilichoondoka ni elimu. Tena hasara haikuwapata wale wawili peke yao. Imeenea kwa umma mzima, mpaka wewe na mimi huku juu milimani, zaidi ya miaka 1,400 baadaye, hatuujui usiku ule kwa yakini. Allah kwa rehema Zake ametia kheri ndani yake, tukajitahidi siku kumi badala ya moja. Lakini hiyo ni fadhila Yake, si hati ya kusafisha ugomvi.

Sasa jiulize. Kama ugomvi wa watu wawili tu uliondoa elimu iliyokuwa tayari iko mlangoni, itakuwaje ugomvi ukiwa wa wenye elimu wenyewe? Ukiwa juu ya mimbari, kwenye vitabu, kwenye klipu za simu, tena kwa jina la dini?

Ugomvi wa aina hiyo una jina lake. Unaitwa *taasubi*.

*Kutofautiana si taasubi*

Tusije tukachanganya. Wanazuoni kutofautiana si ugonjwa. Siku ya Bani Quraydha, Mtume (s.a.w.) aliwaagiza Masahaba wasiswali alasiri ila watakapofika huko. Wakati ukawakuta njiani. Wengine wakaswali palepale, wakisema makusudio yake yalikuwa tufanye haraka. Wengine wakachelewesha mpaka walipofika, wakishika neno kama lilivyo. Alipopewa habari hakumkemea yeyote katika wao.

Chukua tarawehe, maana ndiyo inayotusumbua kila mwaka. Rakaa nane au ishirini? Fungua Muwatta ya Imam Malik. Ndani ya kitabu hichohicho kimoja utakuta riwaya mbili za zama za Sayyidna Umar (r.a.): moja inataja rakaa 11 pamoja na witri, nyingine inataja 23. Na watu wa Madina katika zama za Imam Malik walikuwa wakiswali 36 na witri juu yake. Imam Malik alizipokea riwaya zile mbili akaziandika zote. Hakuificha moja ili nyingine ishinde.

Na inasimuliwa kwamba khalifa alitaka kuwalazimisha watu wote waifuate Muwatta. Imam Malik akakataa. Akasema Masahaba wa Mtume (s.a.w.) walitawanyika katika miji, na kila watu wameshika elimu iliyowafikia. Hebu fikiria: dola inataka kukupa umma mzima uwe wako, nawe unasema hapana. Mtu wa namna hiyo alijali elimu kuliko alivyojali jina lake.

*Basi taasubi ni nini?*

Waliosoma mirathi wanalijua neno *asaba*: jamaa wa upande wa baba, wale wa damu. Taasubi inatoka humo. Maana yake ni kumsimamia mtu kwa sababu ni wa kwenu, awe na haki au asiwe nayo. Inakuwa taasubi ya kidini pale ambapo madhehebu, tarika, taasisi au shekhe anachukua nafasi ya ule ukoo.

Kuna kisa katika Bukhari na Muslim kinachoeleza jambo hili vizuri sana. Katika safari moja ya vita, mtu wa Muhajirina alimpiga mtu wa Ansari. Yule Ansari akaita: enyi Ansari! Na yule Muhajiri akaita: enyi Muhajirina! Mtume (s.a.w.) aliposikia akauliza huu wito wa kijahilia umetoka wapi, akawaambia wauache kwa sababu unanuka.

Tuyaangalie majina yenyewe. Muhajirina na Ansari si majina ya ukoo wala ya masanamu. Ni majina mazuri kuliko majina yote ya makundi katika Uislamu, na Allah mwenyewe ameyasifu ndani ya Qur'ani. Lakini dakika yalipotumika kuita watu waje upande huu dhidi ya upande ule, Mtume (s.a.w.) alisema yananuka. Na aliyefaidika na kelele za siku ile ni mkuu wa wanafiki, Abdullah bin Ubayy. Aliidaka nafasi hiyo akaanza kuchochea watu wa Madina dhidi ya wageni wao.

Kwa hiyo jina kuwa zuri si kinga. Shafi ni jina zuri. Suna ni jina zuri. Kadiria imebeba jina la mja mwema. Salaf ni jina zuri. Hata kusema "mimi ni Mwislamu tu, sina kundi" ni maneno mazuri, lakini yakisemwa kwa kuwadharau wengine yanageuka kuwa kundi kama makundi mengine. Shida haiko kwenye jina. Shida ni pale jina linapokuwa la kupigia kelele kama Simba na Yanga. Na afadhali hata hao, maana mechi ikiisha tunarudi nyumbani pamoja. Ushabiki wa dini hauna filimbi ya mwisho.

*Jinsi inavyokula elimu*

Huku kwetu tunayajua maharage yaliyoingiwa na mdudu ghalani. Kwa nje punje inang'aa na gunia halijapungua. Ukiibonyeza, ndani ni unga. Taasubi inaifanya elimu hivyohivyo. Vitabu vipo, vilemba vipo, Kiarabu kipo, ila ndani mmebaki unga.

_Kwanza, inageuza swali._ Mtafuta elimu anauliza, "Kimesemwa nini, na dalili yake ni ipi?" Mshabiki anauliza, "Nani kasema?" Akishajua ni wa upande gani, hana haja ya kusikiliza.

Kumbuka kisa cha Abu Hurayra (r.a.), nacho ni cha Ramadhani. Mtume (s.a.w.) alimweka alinde zaka ya Ramadhani. Akaja mwizi wa chakula usiku mara tatu. Mara ya tatu, ili aachiwe, akamfundisha Abu Hurayra kusoma Ayatul Kursiyyu wakati wa kulala, akimwambia kuwa atapata mlinzi kutoka kwa Allah. Abu Hurayra alipomweleza Mtume (s.a.w.), akaambiwa kwamba mtu yule alimwambia kweli, japokuwa ni mwongo mkubwa. Kisha akajulishwa kuwa alikuwa ni shetani.

Jamani, faida ya kweli imepokelewa kutoka kwa shetani, ikathibitishwa na Mtume (s.a.w.), na mpaka usiku wa leo tunailalia. Sisi tunashindwa kupokea aya kutoka kwa Mwislamu mwenzetu kwa sababu suruali yake ni fupi, au kwa sababu ameshika tasbihi.

_Pili, inamfanya mwanafunzi asome ili ajibu._ Kijana anahifadhi hadithi nne za kukataa maulidi, au nne za kuyatetea, na hajui sharti za udhu. Anajua makosa ya shekhe wa upande wa pili kwa mpangilio wa tarehe, lakini ukimuuliza mgawo wa mke katika mirathi anababaika. Imepokewa kutoka kwa Imam Shafi kwamba hakujadiliana na mtu ila alipenda haki idhihiri, na hakujali itoke kwenye ulimi wake au wa mwenzake. Pima mijadala yetu kwa kipimo hicho.

_Tatu, inapinda hukumu zenyewe._ Hili si la kubuni. Katika vitabu vya fiqhi vya baadhi ya Mahanafi waliokuja baadaye, kuna waliosema Mhanafi asimuoe mwanamke wa Kishafi. Sababu? Mashafi wanaruhusu mtu kusema, "Mimi ni muumini, inshaAllah," na hao wakaona hiyo ni shaka katika imani. Wengine wakamhurumia bibi huyo, wakasema anaweza kuolewa kwa kumkisia na wanawake wa Ahlul Kitabu. Mwislamu anayeswali na kufunga amewekwa daraja la asiyekuwa Mwislamu, na hapo ndipo tuliposema tumelegeza! Mashafi nao wana yao, maana hakuna madhehebu yaliyosalimika kabisa. Na maimamu wanne wenyewe wako mbali na hayo.

Allah ametuonya katika Surat Al-Baqara aya ya 113 juu ya Mayahudi waliosema Manasara hawana lolote, na Manasara waliosema Mayahudi hawana lolote, hali ya kuwa wote wanasoma Kitabu. Kosa linalotajwa pale si kukosa kitabu. Walikuwa nacho na wanakisoma. Kosa ni kusema mwenzako hana *lolote*.

*Ilikotufikisha*

Msafiri Ibn Jubayr alifika Makka mwaka 1183. Akakuta mbele ya Al-Kaaba kila madhehebu ina imamu wake na mahali pake pa kuswalia. Swala nyingine walipokezana, mmoja baada ya mwingine. Lakini magharibi, kwa kuwa wakati wake ni mfupi, waliswali wote kwa pamoja. Amesimulia jinsi takbira zilivyoingiliana, huyu akirukuu kwa sauti ya imamu asiye wake, yule akitoa salamu kabla ya wakati. Kibla ni kimoja, tena kinaonekana kwa macho, na bado watu hawajui wamfuate nani. Mtindo wa kugawana maimamu uliendelea kwa karne nyingi, mpaka baada ya Mfalme Abdulaziz kuingia Makka mwaka 1924 ndipo watu wakakusanywa nyuma ya imamu mmoja.

Yaqut al-Hamawi naye alipita mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, mwaka 617 wa Hijria, sawa na 1220, akiwakimbia Watatari. Akakuta sehemu kubwa ya mji ni magofu. Akauliza kulikoni. Akaambiwa kwamba mji ulikuwa na Mashia, Mahanafi na Mashafi. Kwanza Mahanafi na Mashafi walishirikiana kupigana na Mashia mpaka wakawamaliza. Kisha wakageukiana wenyewe. Mashafi, waliokuwa wachache kuliko wote, wakashinda. Kilichobaki cha mji ni mtaa wao tu, nao ndio uliokuwa mdogo. Na nyumba zilijengwa chini ya ardhi, njia zake za giza, kwa sababu ya kuogopana. Walishinda, ndiyo. Wakabaki wakiishi mashimoni.

Tusiseme hayo ni ya mbali. Unguja wakati wa masultani, watawala walikuwa Maibadhi na wananchi wengi ni Mashafi. Sultan Barghash alimfunga Sheikh Ali bin Abdallah Al-Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa, kwa sababu mafundisho yake yalikuwa yakiwavuta Maibadhi kuingia upande wa Sunni. Alitolewa gerezani baada ya Barghash kufariki mwaka 1888. Miaka mitatu baadaye akazaliwa mwanawe, Al-Amin bin Ali Al-Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mmoja wa waandishi wakubwa wa dini kwa Kiswahili. Angalia ni kheri kiasi gani ilikuwa nyuma ya mlango ule wa gereza.

Lakini Unguja hiyohiyo ilikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafi, kila mtu akihukumiwa kwa anachokifuata. Sheikh Ahmad bin Sumait, aliyefariki mwaka 1925, alikuwa kadhi wa Kishafi chini ya masultani wa Kiibadhi, na umaarufu wake ulivuka bahari. Mji ni uleule na tofauti ni ileile. Waliposhika taasubi walipata gereza, na walipoacha nafasi walipata wanazuoni.

Na majirani zetu wa Uganda? Baada ya Mwanamfalme Nuhu Mbogo kufariki mwaka 1921, Waislamu wa Buganda waligawanyika juu ya swali moja: ukishaswali Ijumaa, uswali na adhuhuri au usiswali? Upande mmoja ukaitwa Juma, wa pili ukaitwa Juma na Zukuli, yaani adhuhuri. Swali lenyewe ni la fiqhi na lina maelezo yake vitabuni, hasa kwa Mashafi na masharti yao ya Ijumaa. Lingetosha kuwa somo la darasa moja jioni. Likawa mpasuko wa miaka mingi, watu na viongozi wao pande mbili, katika nchi ambayo Waislamu ni wachache na walihitaji kila mkono kujenga shule za watoto wao.

*"Kwa hiyo tunyamaze?"*

Najua kuna ndugu atauliza hivi, na ana haki ya kuuliza. Kukataza maovu ni wajibu. Mtu akizusha jambo katika dini, tumwangalie tu eti tusivunje umoja?

Hapana. Umoja unaojengwa kwa kuogopa kusema kweli ni ukimya tu, na ukimya nao unaua elimu. Sheikh Al-Amin huyuhuyu aliandika wazi kuwakosoa Waislamu wenzake, na mwaka 1932 alitoa gazeti la Al-Islah kwa kazi hiyo. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu, akiwahukumu walewale aliowakosoa. Kwa hiyo inawezekana kukosoa watu na bado ukabaki mtu wao.

Na ni kweli pia kwamba mtu wa kawaida hana budi kumfuata mwanachuoni anayemwamini. Mkulima wa maharage hawezi kuacha jembe akapime hadithi moja moja. Kumfuata shekhe wako si taasubi. Kumpenda si taasubi. Inakuwa taasubi unapodhani kuwa kheri imeishia kwake.

Mpaka uko wapi basi? Surat Al-Maida aya ya 8 inatukataza chuki ya watu isitupeleke kwenye kutofanya uadilifu. Kwa hiyo kipimo ni uadilifu, na nakupa maswali matatu ya kujipima, uyajibu peke yako usiku huu ukiwa umesujudu:

1. Shekhe wangu akikosea nasema ni ijtihadi. Shekhe wao akikosea vilevile nasema nini? Kama nasema ni upotofu, mizani yangu ina mawe mawili.

2. Naweza kuieleza hoja ya mwenzangu hivi kwamba akinisikia aseme, "Naam, hicho ndicho ninachokisema"? Kama siwezi, basi simpingi yeye. Napinga kivuli nilichokichora mwenyewe.

3. Ikidhihiri leo kwamba alikuwa na haki, nitafurahi kwa kuwa nimeijua, au nitaumia kwa kuwa tumefungwa?

Siwezi kusema maswali haya yanamaliza kila kitu. Kuna siku haki itakuwa upande mmoja kweli, na kuisema kutawagawa watu hata uiseme kwa adabu gani. Siku hiyo utasema na utabeba gharama. Lakini hakikisha unachobeba ni haki, si bendera.

*Na huku kwetu?*

Uislamu wa mkoa huu una mizizi Ujiji, mahali njia ya misafara kutoka pwani ilipokutana na ziwa. Huku juu tuko wachache kati ya majirani zetu Wakristo. Mjini, ukigombana na msikiti mmoja, unavuka barabara unaingia mwingine. Kijijini msikiti ni mmoja na mwalimu wa madrasa ni mmoja. Ukimfukuza kwa sababu anasoma kunuti alfajiri, au kwa sababu haisomi, hujaondoa kunuti. Umeondoa Alif, Be, Te ya watoto thelathini.

Tuseme mama amefiwa na mume. Ana watoto wanne, shamba la muhogo na mgomba, na shemeji zake wanataka kuligawa kesho. Anakwenda kwa shekhe kuuliza haki yake. Shekhe wa kwanza anamuuliza kama kwenye msiba walisoma hitima. Anakwenda kwa wa pili, naye anamuuliza mbona hawakusoma. Anatoka kwa wote wawili bila kuambiwa kwamba ana thumni yake iliyoandikwa ndani ya Surat An-Nisaa, na kwamba mashekhe wote wawili, Shafi na Suna, hawatofautiani hata kidogo juu ya thumni ile. Yaani walichokubaliana kilikuwa ndicho anachokihitaji, na walichotofautiana ndicho walichompa.

Hapo ndipo taasubi inapouma. Sisi tunaojadiliana hatuumii sana. Tunapata hata wafuasi. Anayeumia ni yule aliyekuja na swali.

*Idi inakuja*

Zimebaki siku tisa au kumi, na mnajua nini kinafuata: mwezi. Wa kitaifa au wa kimataifa? Katika Sahihi Muslim, Kurayb alirudi Madina kutoka Sham akamwambia Ibn Abbas (r.a.) kwamba huko waliuona usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas akasema wao wameuona usiku wa Jumamosi, na hakuifuata Sham. Mashafi wengi wameshika hapo: kila eneo na mwezi wake. Wengi katika Mahanafi, Mamaliki na Mahanbali wamesema ukionekana mahali unawalazimu wote. Pande zote mbili zina wanazuoni wakubwa. Na amepokea Tirmidhi hadithi yenye maana kwamba saumu ni siku watu wanapofunga, na Idi ni siku watu wanapofungua.

Basi mkitofautiana ndani ya nyumba moja, aliyefungua asile mbele ya aliyefunga kwa kumkomoa. Aliyefunga asimwite mwenzake mla mchana. Na wali wa Idi upikwe kwa namna kwamba hata wa kesho atakuta.

*Tufanye nini kuanzia leo usiku?*

▪️ Imamu akiswali nane nawe unaona ishirini, swali naye, kisha ukamilishe zako nyumbani. Akiswali ishirini nawe unaona nane, ondoka kwa utulivu, usikae nje ya mlango ukipiga soga watu wakiwa kwenye sijda.

▪️ Zakatul Fitri: anayetoa pishi ya chakula na anayetoa thamani yake kwa kauli ya Mahanafi, wote wamfikie maskini kabla ya swala ya Idi. Maskini asigeuzwe uwanja wa mashindano.

▪️ Klipu ya shekhe anayemtukana shekhe mwingine, usiirushe kwenye kundi. Hata kama wako ndiye aliyeshinda.

▪️ Tafuta faida moja kutoka kwa mwalimu wa upande usioupenda. Iandike, na utaje jina lake unapoisimulia. Hili la mwisho ndilo gumu, ndiyo maana nimeliweka.

▪️ Katika dua zako, mtaje kwa jina mwanachuoni mmoja uliyewahi kumsengenya.

Ndugu zangu, kuanzia leo usiku tunatafuta elimu iliyoondolewa kwa sababu ya watu wawili. Tutasimama, miguu itachoka, baridi ya huku kwetu mnaijua. Haitapendeza tuutafute usiku ule kwa mkono mmoja na mkono wa pili tunaendeleza kilekile kilichotunyima.

Ewe Mola wetu, turuzuku elimu yenye manufaa na nyoyo zinazoipokea kutoka kwa yeyote uliyempa. Warehemu wanazuoni wetu, waliotangulia na waliopo, tunaowapenda na tuliowadhulumu. Tukutanishe na Laylatul Qadr hali ya kuwa hakuna kati yetu wanaogombana. Amin.

*Swali la kutafakari leo:* Ni haki ipi niliyowahi kuikataa kwa sababu tu ya mdomo ulioisema?

Kesho inshaAllah: adabu za itikafu kwa mwenye kazi na familia. Mtumie mwenzako ujumbe huu, hasa yule wa upande wa pili.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.